Nachora picha ya bibi yangu, mitihani imekaribia na rumeti hawezi tena harufu ya tapentaini, nifanyeje?

brashi_ya_usiku:
Habari wakuu, naombeni ushauri maana hapa nilipo nimebanwa pande zote. Niko mwaka wa 2 nasoma uhasibu, sisomi sanaa, ila kuchora nachora tangu niko shule ya msingi na mwaka jana ndo nikahamia rangi za mafuta. Mwanzoni mwa semista nilianza picha ya bibi yangu, uso na mabega tu, kanvasi ya sentimita 60 kwa 80, nikajipa mwezi mmoja niwe nimemaliza. Saa hii zimebaki wiki 3 tuanze mitihani, jicho moja lipo, la pili bado ni doa.

Chumba tunakaa wawili. Rumeti wangu kavumilia sana ila tapentaini, ile ya kuyeyushia rangi na kuoshea brashi, inamuumiza kichwa, juzi akaniambia kwa upole kabisa kwamba akirudi usiku akakuta ile harufu halali, na nikamwelewa kwa sababu ni kweli. Nikafunga makopo yote, picha nikaisukuma chini ya kitanda ikiwa mbichi, kesho yake naivuta nakuta nyuzi za blanketi zimenasa kwenye shavu la bibi, nilikaa chini nikalia. Brashi yangu ndogo nzuri nayo niliisahau imesimama ndani ya kopo siku 4 zile za testi, nywele zimelala upande mmoja hazinyooki tena.

Halafu rangi ya uso wenyewe. Bibi ni mweusi wa kung'aa, mimi vivuli natia nyeusi, matokeo yake uso unakuwa kama umepakwa majivu. Nafuta narudia, nikirudia panakuwa tope.

Na muda ndo kabisa. Nikishika brashi nawaza asaimenti sijaigusa, nikifungua daftari nawaza picha, sina raha popote. Macho ya bibi yameanza kuingia ukungu, nataka aione akiwa bado anaona, kwaiyo mkiniambia niache mpaka nimalize chuo hilo siwezi. Nimefikiria nihamie akriliki juu ya hiyohiyo picha, hainuki na inakauka upesi, niimalize wiki hii. Mnaonaje?

fundi_kanvasi:
Mdogo wangu pole sana. Kabla hujafanya lolote, USIPAKE akriliki juu ya rangi ya mafuta. Akriliki ni rangi ya maji na ikikauka inakuwa kama ngozi ya plastiki, juu ya mafuta haipati pa kushika, leo utaona iko safi baadaye inaanza kubanduka magamba na itabandukia usoni kwa bibi. Kinyume chake ndo inakubali, akriliki chini ikauke kabisa halafu mafuta juu. Picha yako ijayo ukitaka, fanya hivo, zile hatua za mwanzo zote zipige kwa akriliki utaokoa siku nyingi.

Sasa harufu. Inayomuumiza mwenzio kwa sehemu kubwa ni tapentaini, mafuta ya kitani yenyewe, yale ya mbegu yanayobeba rangi, yana harufu yake lakini hayatoi ule mvuke. Kwaiyo acha tapentaini moja kwa moja, siyo kupunguza, acha. Rangi tumia ilivyo kwenye tyubu, ikiwa ngumu weka tone la mafuta ya kitani. Brashi ifute kwanza kwenye kitambaa rangi itoke, halafu ichovye mafuta ya kupikia uifute tena, mwisho sabuni na maji ya uvuguvugu mpaka povu litoke jeupe. Ila hayo ya kupikia ni ya kusafishia tu usiyachanganye kwenye rangi, mengi hayakauki vizuri, utabaki na picha inayonata.

Na jambo moja nakuomba sana kwa sababu unakaa na mtu: kitambaa chenye mafuta ya kitani usikifinyange ukakitupa kwenye ndoo ya taka. Hayo mafuta yanakauka kwa kuvuta hewa ya oksijeni na yakivuta yanatoa joto, kitambaa kikiwa kimekunjwa joto halina pa kutokea na kinaweza kuwaka chenyewe bila kiberiti. Mimi nimewahi kukuta changu kinafuka moshi asubuhi. Kitandaze peke yake nje kikauke, au kitie kwenye kopo la bati lenye maji ufunike.

Zile nyuzi zilizonasa, acha rangi ikauke, halafu pitisha msasa laini sana kwa mkono mwepesi zitatoka, utapaka juu. Hapo ukikwangua vumbi lake usilivute, vaa barakoa, panguza kwa kitambaa kibichi.

sina_ligwaride:
Mimi nitasema tofauti na najua hutapenda dada. Weka chini hiyo picha mpaka mtihani wa mwisho. Mimi nilikuwa nachora mabango na picha za watu, wiki ya mitihani nikajidanganya naweza vyote viwili, nikawa nachora mpaka saa 9 usiku asubuhi naingia chumba cha mtihani macho mekundu, nikapata sapu 2, yaani mitihani miwili ya kurudia. Zile sapu zilikula likizo yangu yote, yaani muda niliouiba wiki ile niliulipa mara nne. Bibi yako anataka kuiona picha, sawa, lakini nina uhakika hataki kusikia umefeli kwa ajili yake.

daftari_na_palete:
@sina_ligwaride nakuelewa ila kuacha kabisa hakumfai kila mtu. Mimi niko mwaka wa 5 udaktari, mwaka wa 3 niliacha kuchora semista nzima ili nisome, na sikusoma zaidi ya nilivyokuwa nasoma, ule muda uliishia kwenye simu. Kilichokuja kunisaidia ni kutenganisha kuchora na ile PICHA KUBWA. Kanvasi ya 60 kwa 80 haifai kwa mtu mwenye dakika 25, kuitoa chini ya kitanda tu, kuminya rangi, kukumbuka uliishia wapi, dakika 20 zimeisha hujagusa kitu halafu unasikia hatia.

Chukua kipande cha boksi ukubwa wa kiganja. Kipake gundi nyeupe pande zote au ile rangi ya ukutani ya maji, ikauke, maana boksi bila kupakwa linanyonya mafuta na baadaye linaoza. Usidharau boksi, ile picha ya Edvard Munch ya mtu anayepiga ukelele darajani, ya 1893, iko kwenye kadibodi. Hapo chora kitu kimoja tu, pua ya bibi peke yake, au kona ya mdomo. Mimi nilikuwa natega simu dakika 25, ikilia naacha hata kama nimefika patamu, na kwa kweli ukiacha patamu kesho yake unarudi haraka zaidi.

Ukitumia akriliki kwa hivi vidogo inakufaa zaidi, na rangi isikukaukie fanya hivi: chombo cha plastiki chenye mfuniko, chini tandika tishu iliyoloa maji, juu yake karatasi ya kuokea, rangi unaziweka juu ya hiyo karatasi. Ukifunga mfuniko unazikuta mbichi hata baada ya siku kadhaa. Brashi tu usiache na akriliki hata dakika 10, hiyo ikigandia haitoki tena.

brashi_ya_usiku:
Asanteni sana, hiyo ya vitambaa sikuwahi kuisikia, nimetoka sasa hivi kwenda kuvitoa kwenye ndoo, vilikuwa vitano vimefinyangwa pamoja. Nimemweleza na rumeti, kashtuka.

@sina_ligwaride sijachukia kaka, pole kwa hizo sapu. Ninachoogopa ni kwamba nikiiacha wiki 5 nitarudi nikute mkono umesahau. Na kuna kitu nimeona kwenye ile picha, sehemu zenye giza zimefifia, shingo ilikuwa inang'aa sasa imekuwa kama chaki. Imeharibika?

fundi_kanvasi:
Haijaharibika. Rangi za mafuta zikikauka zile za giza mara nyingi zinazama, mafuta yananyonywa na safu ya chini, mng'ao unapotea. Siku ukirudi kazini na imeshakauka, chukua mafuta ya kitani kidogo mno, sugua juu kwa kitambaa kisichotoa nyuzi, halafu yafute yote ibaki kama pumzi tu. Utaona shingo inarudi palepale na hapohapo unaendelea kuchora juu.

Hizo wiki 5 unazoziogopa mdogo wangu ndizo picha yako inazihitaji. Umeshapaka, umefuta, umerudia, hapo shavuni kuna safu nene na rangi ya mafuta nene haikauki ndani kwa wiki, juu inashika ngozi ndani bado laini. Ukilazimisha kupaka haraka juu yake itakuja kupasuka nyufa. Kwaiyo hata kama usingekuwa na mtihani wowote ningekwambia isubirishe. Igeuze uso ukutani iegemee pembe ya juu tu isiguse kitu, usiifunike nailoni, na usiirudishe chini ya kitanda, kwenye giza mafuta ya kitani yanakuwa ya njano, iwe sehemu yenye mwanga wa kawaida na hewa. Ukirudi kumbuka kila safu ya juu iwe na mafuta mengi kidogo kuliko ya chini yake, kamwe isiwe kinyume.

mama_wa_rangi2:
Nimechelewa kuingia ila hakuna aliyemjibu mwanangu kuhusu ngozi, na hapo ndo moyo wa picha ulipo.

Mwanangu nyeusi ya tyubu iweke pembeni kwanza. Chukua bluu ya altramarini na kahawia iliyoungua ile iliyokolea (kwenye tyubu imeandikwa burnt umber), zichanganye, utapata giza zito linalokaribia ile nyeusi lakini lina uhai, ukizidisha bluu linapoa, ukizidisha kahawia linapata joto. Majivu unayoyaona yanatokea ukichanganya nyeusi na nyeupe usoni, nyeupe inaua joto la ngozi. Ukitaka kung'arisha kahawia usikimbilie nyeupe, tia okra ya njano, ile njano ya udongo, au rangi ya chungwa kwanza, nyeupe iwe ya mwisho na chembe tu.

Halafu mwangalie bibi kwa utulivu, au picha yake ya simu kama yuko mbali. Ngozi nyeusi ya kung'aa inafanya kama maji, inabeba kilicho karibu nayo. Akikaa dirishani mchana, pale paji la uso linapong'aa hapana weupe, pana bluu ya anga. Chini ya kidevu panapanda rangi ya nguo aliyovaa, kama ni nyekundu utaona wekundu umekaa pale shingoni. Kwenye tundu la pua na ukingo wa sikio mwanga unapopita pana joto kama kaa la moto. Mimi nilichora watu miaka mingi kabla sijaona hayo, siku nilipoyaona nilirudi kwenye picha zangu zote za nyuma nikaona watu wote nimewapaka rangi moja.

Tope linakuja kwa kusugua. Weka pigo la brashi liache, kama siyo lenyewe likwangue kwa kisu, usilisugue na la jirani. Na kupima mwanga, fumba macho nusu uone vivuli kwa mkupuo, au ipige picha kazi yako kwa simu uigeuze iwe nyeusi na nyeupe uilinganishe na ya bibi, utajua papo hapo kama kosa ni la rangi au la giza na mwanga. Mara nyingi ni la giza na mwanga.

Kama unataka kujipunguzia gharama na kichwa kuuma, Anders Zorn yule mchoraji wa Sweden alijulikana kwa kuchora nyuso kwa rangi 4 tu, okra ya njano, nyekundu, nyeusi na nyeupe. Nimekwambia uache nyeusi nakurudisha kwenye nyeusi, najua, ila yeye aliitumia kama bluu, na hilo utalielewa ukishazoea ile ya kwanza. Anza na altramarini.

brashi_ya_usiku:
Nimerudi wakuu, mitihani imeisha juzi. Picha kubwa niliigeuza ukutani kama kaka fundi alivyosema sikuigusa kabisa. Vipande vya boksi nilifanya 11, vingine dakika 25 vingine hata 15, wiki mbili za mwisho kabla ya mtihani nilifanya viwili tu basi, @sina_ligwaride ulikuwa sahihi kwa hizo wiki mbili. Rumeti kabandika kimoja juu ya meza yake, cha sikio la bibi.

Sikio ndo lilinifundisha. Nilimpigia bibi simu ya video akakaa karibu na dirisha, nikaona ule ukingo kweli ni mwekundu wa kahawia unaowaka, na nyuma ya sikio bluu. Nikachanganya altramarini na kahawia kwa mara ya kwanza bila nyeusi, nilipopaka nikatulia nikaangalia tu.

Jana nimeigeuza picha, shavu limekauka, nyuzi zimetoka kwa msasa zikabaki mbili karibu na pua. Nimesugua mafuta ya kitani shingoni na imerudi kung'aa. Mama naomba nikuulize, lile jicho la pili nianze na weupe wa jicho au na kope? Maana ule weupe wake siyo mweupe, kwa sababu ya ukungu una kijivu cha bluu, na sitaki kumdanganya.

mama_wa_rangi2:
Anza na giza la shimo la jicho na kope ya juu, weupe uje mwisho kabisa na uchanganye na ile rangi ya ngozi uliyonayo tayari kwenye palete, ndo utakaa usoni. Ule ukungu uchore kama ulivyo. Na jicho la kwanza usiliguse leo hata likikuita.