Mitego ya feromoni haina nondo, lakini lozi zina viwavi. Nifanyeje?

Mtunza Milozi:
Wakuu, habari za majukumu. Nina hekta 6 za milozi. Msimu huu nimetundika vifaa vya kupuliza feromoni (harufu ya jike inayovuta madume) ili madume ya nondo aina ya Amyelois transitella yasiyapate majike. Mitego ya feromoni haijanasa dume hata mmoja. Cha ajabu, nikipasua lozi nakuta kiwavi mweupe mwenye kichwa cha kahawia, utando na unga wa vinyesi. Niachane na feromoni nirudi kwenye dawa? Mavuno yamekaribia.

Kokwa Safi:
Pole sana mkuu. Mtego kukaa mtupu hakukuhakikishii usalama. Harufu imejaa shamba zima, dume hauoni mtego kama asivyomwona jike. Kinachokuumiza zaidi ni ukubwa wa eneo. Jike aliyepandwa nje anaingia kwako na mayai tayari, na feromoni haimzuii kutaga. Njia hii hufanya kazi vizuri kuanzia hekta 16 hivi, tena shamba lenye umbo la mraba, maana pembezoni upepo unaipeperusha harufu. Ongea na majirani mtundike pamoja. Na ukague vifaa vyenyewe: viko juu kwenye matawi? Vinapuliza usiku? Nondo huyu hukutana na mwenzake kuelekea alfajiri.

Mama Shamba:
Mimi nauliza, lozi kavu zilizobaki mtini msimu uliopita zilitolewa? Humo ndimo viwavi hupitishia baridi.

Mtunza Milozi:
Tulitikisa miti, dada. Zilizoanguka zinatosha kuachwa chini?

Mama Shamba:
Hapana, zisagwe kwa mashine kabla joto halijarudi, kiwavi anaishi hata akiwa chini. Zinazobaki juu zisizidi wastani wa 2 kwa kila mti. Kazi hii inachosha, lakini hakuna feromoni wala dawa inayoziba pengo lake.

Kokwa Safi:
Naunga mkono. Kwa ufuatiliaji, weka mitego yenye chambo cha unga wa lozi au pistashio, hiyo inavuta majike. Dawa haipingani na feromoni, ila wakati wake ni maganda ya nje yanapoanza kupasuka. Sasa hivi usikurupuke, soma kwenye lebo siku za kusubiri kabla ya kuvuna.

Mtunza Milozi:
Nimewaelewa. Kwa hiyo msimu huu nivune tu?

Mama Shamba:
Vuna mapema, zikaushe na uziondoe shambani haraka. Kila siku zinazokaa wazi, jike anazidi kutaga, na palipotobolewa na kiwavi kuvu wa sumukuvu huingia kirahisi. Halafu pasua sampuli za pembezoni na za katikati, kila kundi kivyake. Za pembezoni zikiwa zimeharibika zaidi, majike wanatoka nje. Zikilingana, anza kutafuta chanzo humo humo shambani.