Nawapeleka vijana 16 Mafia kuzamia na kupanda mashua, nimesahau nini?

mlezi_mbezi
Habari za saa hizi wakuu. Mimi ni mlezi wa vijana kanisani kwetu huku Mbezi, mwezi wa sita shule zikifunga nataka niwapeleke vijana 16 Mafia siku nne, mdogo ana miaka 11 mkubwa 17, wasichana tisa. Ratiba yangu ni basi mpaka Nyamisati, boti mpaka Kilindoni, tunalala Utende. Siku ya pili wote wanazamia na mitungi ya hewa, ule uzamiaji wa kujaribu kwa wasio na kozi, siku ya tatu mashua ya tanga kutwa nzima pamoja na kuona papa potwe (yule papa mkubwa mwenye madoadoa), siku ya nne asubuhi wanazamia tena halafu saa nane mchana tunapanda ndege maana kuna mzee wa kanisa kajitolea tiketi za kurudi. Wazazi washaanza kulipa. Mimi bahari naijua ya Coco Beach tu na kuogelea kwangu ni kwa kubahatisha. Nisaidieni.

mbizi_na_chai
Kaka hiyo siku ya nne ifute leo leo. Huwezi kutoka chini ya maji asubuhi ukapanda ndege mchana, hata kale kadogo ka abiria kumi na kitu. Ukizamia, naitrojeni inaingia kwenye damu na misuli, inahitaji muda itoke polepole, ukipanda juu presha inashuka inatoka kama soda iliyotikiswa ukaifungua. Waliozamia mara moja tu wasubiri angalau saa 12, waliorudia kuzamia siku moja au siku mfululizo saa 18, na mimi kwa watoto nasubiri saa 24 sibishani na mtu. Kwa hiyo mitungi iwe siku ya pili tu.

Pili, papa potwe mwezi wa sita sahau, wanakuja upande wa Kilindoni kuanzia Oktoba mpaka kama Februari, Machi. Usiwaahidi watoto ukaja kuitwa muongo.

Umri, huyo wa 11 anaruhusiwa, PADI (shirika la mafunzo ya uzamiaji) wanaanzia miaka 10 na kina cha mwisho kwenye kujaribu ni mita 12 kwa wote. Ila kwenye maji ya bahari mwalimu mmoja asizidi watu wanne, na kwa hao wadogo wapungue zaidi, kwa hiyo watoto 16 hawashuki pamoja hata siku moja, watashuka kwa zamu na kuna watakaokaa kwenye boti saa nzima wanatapika. Hilo lipangie. Uliza pia kama boti ina mtungi wa oksijeni, usiambiwe tu upo, waambie waufungue uone.

Mama Wawili
Mimi ni nesi na ni mzazi, naongea kwa kofia zote mbili. Ile fomu ya afya ya kuzamia usiwape watoto wajaze ndani ya basi jamani. Wape wazazi wiki tatu kabla, mwenye pumu, kifafa, aliyewahi kufanyiwa upasuaji wa sikio au kifua, aende kwa daktari kwanza. Na mwenye mafua siku hiyo hashuki, asipewe dawa ya kufungua pua ili "awahi na wenzake", dawa ikiisha nguvu akiwa chini hewa inanasa sikioni wakati wa kupanda, maumivu yake usiombe.

dada_kiongozi
Naongezea hapo kwa Mama Wawili kwa sababu yamenikuta. Miaka ya nyuma nilipeleka vijana kaskazini ya Unguja, kampuni siitaji, walitupa mwalimu mmoja kwa watoto sita na mimi kwa ushamba wangu nikaona sawa tu maana bei ilikuwa nzuri. Kijana wangu mmoja alikuwa na mafua tangu kwenye boti ya kutoka Dar, akanyamaza. Akashuka, masikio yakagoma, akalazimisha. Katoka juu ana damu kwenye miwani, mimi nusura nizimie. Namuuliza yule kijana, "Baba, kwa nini hukusema?" Ananijibu, "Mama alishalipa."

Mwenzangu usichukue hela ya kuzamia mapema. Chukua nauli na malazi, hela ya mitungi ilipwe kulekule baada ya mtoto mwenyewe kusema nashuka, na asiyeshuka arudishiwe bila maswali. Na wasioshuka uwape kitu kizuri kweli, siyo kuambiwa kaeni mlinde mabegi. Sisi safari iliyofuata waliobaki walikwenda na mashua, wakarudi wanaringa mpaka waliozamia ndo wakaona wamekosa 😂

nahodha_utende
Asalaam alaykum. Mwezi wa sita ni kusi, upepo mkali wa kusini. Nje ya mlango wa Kinasi, pale ghuba inapofungukia bahari kuu, hakufai kwa watoto, lakini ndani ya ghuba ya Chole mna kinga, watu wanazamia humo kusi lote. Tazama mwezi kabla hujaweka tarehe: mwezi mpevu na mwezi mwandamo ni bamvua, maji yanajaa na kupwa sana, yanakwenda mbio pale mlangoni, mgeni hawezi kushindana nayo. Njooni maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo.

Mashua kutwa nzima na watoto 16 mimi sichukui. Asubuhi upepo haujachachamaa, tunatweka tanga Utende tunavuka Chole, waone magofu na wale popo wakubwa mtini, adhuhuri tumerudi. Boya kila mtu avae tangu ufukweni, siyo kulikalia. Wakae upande wa joshi, unakotoka upepo, na nikisema chini wote wachuchumae, maana tukigeuza, foromali (ule mti unaoshika tanga) inazungushwa mbele ya mlingoti na demani (kamba ya tanga) inapita juu ya vichwa. Mkaidi mmoja tu anapigwa anaangukia majini. Kupiga bisho, yaani kwenda kinyume na upepo kwa kukata mshazari, tutawafundisha wakubwa, wanapenda sana.

mlezi_mbezi
Aisee asanteni. Nimekaa na kamati jana usiku, mitungi siku ya pili tu na kwa anayetaka, hela tumeanza kuwarudishia wazazi (mmoja kagoma anataka mwanae azamie lazima, nitamuona Jumapili). Papa potwe nimewaambia ukweli wamenuna. Siku ya tatu Chole na nahodha, tarehe nimesogeza wiki moja tupate maji mafu. Sasa kuogelea: wanasema wote wanajua, mi siamini, Jumamosi nawapeleka Mbudya niwaone mwenyewe.

mbizi_na_chai
Safi. Mwenye kutaka kozi kamili siku zijazo ataogelea mita 200 na kuelea dakika 10, wapime kwa kipimo hicho hicho, wataojiita samaki utawajua. Na wewe mwenyewe ingia majini, usikae na miwani ya jua kwenye mkeka.

nahodha_utende
Mbudya wapeleke maji yamejaa. Yakipwa watakuwa wanatembea kwa magoti na kurusha mikono, utasema wanaogelea.

mlezi_mbezi
😂😂 nahodha umenikumbusha mimi mwenyewe Coco Beach