Reti imekuja na riba, zahanati haina dawa ya presha. Hizi pesa zaenda wapi?

Mwana wa Maweni

Asalamu aleikum jamaa wa Malindi. Nina swali, na naomba anijibu mwenye kujua. Mwenye hasira tu apumzike, hasira ninazo za kunitosha.

Marehemu baba alituachia kiwanja na nyumba ya vyumba vinne. Viwili twaishi na mama, viwili twapangisha. Hati bado iko kwa jina lake. Mwezi uliopita kijana wa kaunti kaniletea karatasi ya reti, ile tozo ya kaunti juu ya ardhi: deni la miaka ya nyuma, na juu yake riba ambayo imekaribia kulipita deni lenyewe. Nimeisoma mbele na nyuma. Hakuna palipoandikwa kiwanja kilithaminiwa lini, wala kwa kiasi gani.

Sikatai kulipa. Baba alikuwa akilipa tangu enzi za manispaa, na risiti zake ziko ndani ya mkebe wa biskuti mpaka leo. Linalonichoma ni hili. Mama ana presha, kila mwezi nampeleka zahanati ya karibu nasi. Muuguzi ni mmoja, mstaarabu, simlaumu. Anampima mama, anaandika kwenye daftari kubwa, halafu anachana kipande cha kasha la glavu, anaandika "amlodipine" na kunielekeza duka la dawa ng'ambo ya barabara. Kabati nimeliona kwa macho yangu: ORS na zinki za watoto, kondomu, basi. Na nyuma ya zahanati hiyo hiyo kuna wodi mpya ya wazazi. Imepakwa rangi, kibao cha ufunguzi chang'aa, mlangoni kufuli, na vioo vya madirisha bado vina nailoni.

Wiki iliyopita kulikuwa na kikao cha bajeti. Nikanyanyua mkono nikayasema hayo. Nikajibiwa "tumelichukua, mama," kisha tukaandikishwa majina, tukapewa soda.

Sasa nauliza: reti yangu nikiilipa, yaenda wapi? Na kama haifiki kwenye dawa ya mama, kwa nini nisiigomee?

Tuktuk ya Jioni

Yaenda kwenye posho za vikao vya kujadili kwa nini hakuna pesa. Usilipe dada. Wakija tena waambie mwenye nyumba ni Mtaliano, yuko Milano mpaka Desemba. Huko Casuarina kwenye majumba ya ufuoni hujibiwa hivyo kila siku na askari wa geti, na hakuna anayerudi.

Karani Mstaafu

Mwanangu wa Maweni, wa aleikum salaam. Huyo wa tuktuk msikilize ukitaka kucheka. Ukitaka kuuza kiwanja au kukihamisha jina, nisikilize mimi, maana nilikaa dirisha la mapato tangu manispaa hadi zilipovunjwa 2013 kaunti zikaanza, na nimeona watoto wa watu wakilia mbele ya lile dirisha.

Usigome. Mzee kafariki, deni halikufa naye. Lakaa juu ya kiwanja likiwangoja nyinyi. Siku mtakapotaka kuhamisha hati mtatakiwa cheti cha kuonyesha kwamba hamdaiwi reti, na hapo mtalipa yote kwa mpigo, na riba ya miaka yote mliyogoma. Na usichanganye mambo mawili: kodi ya ardhi ya serikali kuu humhusu mwenye hati ya kukodishwa, ile ya miaka 99 na mfano wake. Ukiwa na hati ya milki huru, na huku kwetu pwani ni nyingi, hiyo hudaiwi. Reti ya kaunti wadaiwa.

Riba ndiyo ya kupigania. Kaunti huwa zatangaza msamaha wa riba kwa sharti ulipe deni la msingi. Lakini Katiba kifungu cha 210 chasema kodi haisamehewi ila kwa sheria, na kila msamaha uandikwe pamoja na sababu yake, na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu aarifiwe. Maana yake, kijana aliyekuletea karatasi akikwambia "mama, nitakutengenezea", hana cha kukutengenezea. Usimpe hata nauli.

Haya, zaenda wapi. Kifungu cha 207: karibu pesa zote za kaunti zaingia Mfuko wa Mapato wa Kaunti. Reti yako, ada za soko, leseni za maduka, mgao kutoka Nairobi ambao ndio mkubwa kuliko vyote, chungu ni kimoja. Na hakuna anayechota bila idhini ya Msimamizi wa Bajeti. Kwa hiyo hakuna shilingi iliyoandikwa "Maweni". Ukiigomea reti hujamnyima mkubwa yeyote kitu, na ukiilipa hujamnunulia mama yako kidonge. Ni mambo mawili yanayopita njia mbili, na watu wengi hawalijui hili, hata wengine walioko bungeni kwetu kule.

Sasa hiyo wodi yenye kufuli. Nikwambie kwa nini ipo na dawa haipo, maana hapa ndipo penye kiini, na kwenye vikao hawalisemi.

Sheria ya usimamizi wa fedha za umma ya 2012 yataka angalau asilimia 30 ya bajeti ya kaunti iende kwenye maendeleo. Jengo ni maendeleo. Ua la zahanati ni maendeleo, tangi la maji ni maendeleo. Muuguzi si maendeleo. Dawa si maendeleo, wala glavu, wala mafuta ya ambulensi. Hayo yote ni matumizi ya kawaida. Na huko kwenye matumizi ya kawaida kuna kanuni nyingine: mishahara isizidi asilimia 35 ya mapato. Basi mwakilishi wadi akitaka kuwafanyia watu wake jambo, njia iliyo wazi mbele yake ni kujenga. Jengo lapigwa picha, lawekwa kibao chenye jina. Hakuna aliyewahi kukata utepe wa shehena ya amlodipine kutoka KEMSA, bohari ya dawa ya serikali. Kila jengo jipya laomba muuguzi, mlinzi, umeme na dawa kila mwaka, na hizo haziko kwenye fungu lililolijenga. Wodi yako haikusahauliwa. Iliishia pale fungu lake lilipoishia.

Na kikao ulichokwenda kilikuwa cha kuchelewa. Mwaka wa fedha waanza Julai 1, lakini mambo huamuliwa mapema mno. Mpango wa maendeleo wa mwaka hupelekwa bunge la kaunti kufikia Septemba 1. Taarifa ya sera ya fedha kufikia Februari 28, na humo ndimo idara ya afya hukatiwa kiwango chake. Makadirio yenyewe Aprili 30, yapitishwe kufikia Juni 30. Wewe umenyanyua mkono mwezi wa Mei. Mei vyapunguzwa vijisenti hapa vikaongezwa pale. Kiwango cha afya kilishakatwa tangu kusi haijaanza kuvuma. Ukitaka dawa, nenda Agosti, na nenda tena Februari, hata kama hakuna soda.

Mkoba wa Afya

Shikamoo mzee Karani, umesema kweli tupu. Mimi ni mhudumu wa afya ya jamii upande wa Ganda, nina nyumba kama mia ninazozungukia. Dada wa Maweni, niongeze mawili.

Kwanza, mama ameandikishwa SHA, bima ya afya ya serikali? Sisemi kulipa, nasema kuandikishwa tu. Kwenye zahanati na kituo cha afya, daraja la 2 na la 3, mgonjwa wa kawaida hatoi pesa. Mfuko wa Afya ya Msingi ndio ulipao kituo. Lakini kituo hudai pesa za mtu aliyeandikishwa. Mama akihudumiwa bila kuwa kwenye mfumo, muuguzi amefanya kazi na zahanati haitaona kitu. Kuna wazee wengi huku wanaogopa alama za vidole, wanadhani wakiandikishwa tu deni limeanza.

Pili, tangu sheria ya 2023 ya mapato ya vituo vya afya, pesa ambazo kituo kimezipata zatakiwa kubaki na kutumiwa hapo hapo kituoni, zisipelekwe kwenye huo mfuko mkubwa alioutaja mzee. Zahanati yenu ina kamati, na ndani ya kamati kuna raia, si wauguzi pekee. Waulize ni nani anayewawakilisha nyinyi. Utashangaa, pengine ni jirani yako. Kamati ndiyo huamua hela zikinunue nini, na huko ndiko dawa ya presha huweza kupenya upesi kuliko kungoja bajeti ya mwakani.

Na sisi tusisahauliwe. Posho yetu ni 5,000 kwa mwezi, serikali kuu 2,500 na kaunti 2,500. Hiyo nusu ya kaunti lazima iandikwe kwenye bajeti kila mwaka upya. Mkienda Agosti mtaje na hilo. Mashine ya presha ninayo mkobani tangu 2023, naweza kumpima bibi barazani kwake, lakini nikimkuta yuko 180 juu ya 110 nitampeleka wapi kama si zahanati hiyo hiyo?

Nyumba Bila Ardhi

Mwazungumzia reti kama kwamba sote tuna hati. Mimi nyumba ni yangu, niliijenga kwa jasho, lakini ardhi ni ya mtu. Namlipa kodi ya kiwanja kila mwezi. Mwaka huu kapandisha, kisa "kaunti imeongeza reti". Kweli imeongeza au ananitia mchanga wa macho? Na mimi nikienda kwenye kikao cha bajeti naitwa nani, mlipa kodi au mgeni?

Mwana wa Maweni

Nimesoma yote, Mungu awalipe. Mama hakuwa ameandikishwa. Nimemuuliza akaniambia "nisiandikwe andikwe na watu". Nitamshughulikia.

Mzee Karani, nauliza mawili. Nikienda ofisini kesho niombe nini hasa, ili nisirudishwe na "njoo Jumatatu"? Na hivi viwanja vitupu vya ufuoni, vyenye ua na askari mmoja na paka, navyo vyalipa reti kama mimi?

Karani Mstaafu

Naanza na wa nyumba bila ardhi. Reti humwangukia mwenye ardhi, wewe hudaiwi na kaunti hata senti. Viwango vya reti hutoka kwenye sheria ya fedha ya kaunti, ambayo hupitishwa baada ya bajeti, ndani ya siku tisini. Ni waraka wa umma. Mwambie mwenye kiwanja akuonyeshe sheria ya mwaka gani imeongeza na kutoka ngapi hadi ngapi. Akianza kukohoa umepata jibu. Na kwenye kikao wewe ni mkazi, yatosha. Katiba haikusema ushiriki ni wa wenye hati.

Mwanangu, ofisini omba taarifa ya akaunti ya kiwanja, mwaka kwa mwaka, deni mbali na riba mbali. Nenda na nambari ya kiwanja, si jina la baba peke yake, kwa sababu majina ya Kiislamu yamefanana na madaftari ya zamani yaliandikwa na watu wa kila aina ya mwandiko. Chukua na hizo risiti za mkebe. Nimeona malipo ya enzi za manispaa ambayo hayakuhamia kwenye kompyuta, na mtu akadaiwa alicholipa. Toa nakala, asili zibaki nyumbani. Kisha uliza kiwanja kiko kwenye daftari la thamani kwa kiasi gani, na daftari ni la mwaka gani. Una haki ya kuliona.

Hapo ndipo jibu la viwanja vya ufuoni lilipo. Ndiyo, vyadaiwa, tena reti kwa desturi yetu hupigwa juu ya thamani ya ardhi, kwa hiyo kuwa tupu hakumpunguzii mtu. Tatizo ni thamani iliyoandikwa. Daftari likiwa kuukuu, kiwanja cha mbele ya bahari chahesabiwa kama cha zamani pale palipokuwa na minazi na mbuzi, na wewe wa Maweni watoa karibu sawa na mwenyewe, hali sokoni bei ya kiwanja chake yaipita ya chako mbali. Sheria mpya ya kitaifa ya reti ya 2024 imezifuta zile mbili za zamani, sura ya 266 na 267, na kwa maoni yangu kaunti ikitaka pesa iwathamini upya wenye ufuo kabla haijamtuma kijana na karatasi kwa wajane. Hilo nalo ni la kulisema Agosti.

Ukishapata taarifa, andika barua ya kuomba riba isamehewe: ukurasa mmoja, nambari ya kiwanja juu kabisa, na useme uko tayari kulipa deni la msingi kwa awamu. Peleka nakala mbili. Moja wapigie muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, uondoke nayo. Wakikwambia muhuri uko kwa bosi na bosi katoka, kaa kwenye benchi umngoje.