Form two wangu wenye akili hawawazi kabisa kufika chuo, tatizo ni nyumbani?

Ticha_wa_Kata: Wakuu habari zenu. Nafundisha shule ya kata huku Shinyanga vijijini. Niliwauliza form two wanataka kuwa nani, wale ambao mzazi ni nesi au mwalimu wanakutajia mpaka kombi, yaani masomo ya kuchukua form five, PCB (fizikia, kemia, baiolojia), HKL (historia, Kiswahili, Kiingereza), ila watoto wa wakulima na wafugaji wengi wanasema "nitasaidia nyumbani" na humo wamo vichwa haswa. Ada ilifutwa 2016 mpaka form four, 2022 ikafutwa five na six, sasa nini kinawabana?

Ng'washi: Ticha ada imefutwa sawa, ila sare, madaftari na michango vipo palepale. Halafu huku usukumani kuna wazazi wanamwambia mtoto ajaze ovyo mtihani wa darasa la saba afeli, wa kiume achunge ng'ombe, binti aolewe mahari ije. Huyo aliyefika kwako form two ujue kuna mtu nyumbani alimpigania, mara nyingi mama, mtafute huyo uongee naye.

mamaJ: Na lugha jamani! Shule ya msingi kasoma Kiswahili miaka saba, form one anakutana na Kiingereza kila somo. Mtoto wa mtumishi ana wa kumuuliza jioni, na twisheni analipiwa, huyu mwingine akirudi ni maji, kuni, kulea wadogo, giza limeingia. Akipata sifuri anajiona hana akili wakati swali lenyewe hakulielewa.

Kasulu_boy: Mimi wazazi siwalaumu hata kidogo. Mzazi anaona kijana wa jirani kamaliza form four kapata divisheni foo yuko kwenye bodaboda, na asiyesoma ana ng'ombe, wewe ungeamuaje? Shida hawajui njia ikoje huko mbele. Mimi sikujua kama kuna Bodi ya Mikopo ya wanafunzi wa chuo mpaka nafika form six, na yatima na kaya za TASAF, zile maskini zinazosaidiwa na serikali, wanapewa kipaumbele! Waambieni mapema, na VETA pia, vyuo vya ufundi. Mlete aliyesoma kutoka kijiji hichohicho aongee nao, wa mjini watamwona wa dunia nyingine.

Ticha_wa_Kata: Nashukuruni sana. Kweli vikao vyetu na wazazi ni michango tu, mikopo hatujawahi kuigusa. Kijana wetu mmoja yuko chuo Mwanza, nampigia aje akifunga. Ng'washi, mama anayeogopa kuongea mbele ya mumewe unamwingiaje?

Ng'washi: Pitia kwa shangazi wa mtoto, dada yake baba. Huyo mume anamsikiliza.