Kikoba chetu Nkuhungu kinataka kuweka sh. 1,500,000 kwenye programu ya kutazama video. Naomba hoja za kupeleka kikaoni

BintiNkuhungu
Habari zenu wakuu. Tuko wanakikoba 20 hapa Nkuhungu, Dodoma. Mweka hazina wetu ametuletea programu ya simu: unanunua "daraja" kwa sh. 75,000, kila siku unatazama video tano, unaingiziwa sh. 2,500, hivyo hivyo mwaka mzima. Ukimwingiza mtu unapata asilimia 10 ya alichoweka. Na yeye akiingiza mtu, wewe unapata asilimia 3, ngazi ya tatu asilimia 1. Ana picha ya cheti cha BRELA (wakala wa usajili wa biashara) na cheti kingine cha Uingereza. Jirani mmoja ameshatoa sh. 18,000 na zimeingia kweli. Wazo ni kila mwanachama anunuliwe daraja moja kwa fedha za kikoba. Kikao ni Jumamosi, na nikisema "huu ni utapeli" bila hoja nitaambiwa nina wivu. Nianzie wapi?

Mhasibu_Kizota
Anza na hesabu, dada. Nenda na kikokotoo, wapigie mbele yao.

Sh. 75,000 ikiingia, asilimia 14 inaondoka hapohapo kwa kamisheni za ngazi tatu, yaani sh. 10,500. Zinabaki 64,500. Gawa kwa 2,500: zinalipa siku 25 na chenji kidogo. Mtaji wako unarudi siku ya 30. Kwa hiyo hata kama mwenye programu ni malaika, hachukui hata senti, fedha yako inaisha kabla hujarudishiwa yote. Siku tano za mwisho unalipwa kwa fedha ya aliyeingia baada yako.

Sasa ahadi ya mwaka: 2,500 mara siku 365 ni 912,500. Ili mtu mmoja alipwe hiyo, zinahitajika 64,500 za watu 14 na ushee. Hao 14 nao kila mmoja anataka 14 wake. Ukifika ngazi ya sita unahitaji watu 7,529,536. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 3,085,625 mkoa mzima wa Dodoma, pamoja na watoto wachanga.

Watakwambia fedha inatoka kwa watangazaji. Uliza ni nani hao. 2,500 kwa video tano ni sh. 500 kwa kila utazamaji. Mtangazaji anayetaka kuonekana anakwenda Google au Meta, analipia watu wapya waone tangazo lake. Hana faida yoyote kumlipa mtu yuleyule kila siku, tena aliyewasha video huku anachambua mboga.

Kipimo kingine: hatifungani ya serikali (unaikopesha serikali, inakulipa riba) ya miaka 25 iliwahi kutolewa kwa riba ya asilimia 15.95 kwa mwaka, na watu wakaichangamkia. Kwa 75,000 hiyo ni kama sh. 11,960 kwa mwaka. Programu yenu inaahidi zaidi ya hiyo kwa siku tano.

Halafu hili liseme kwa upole. Kama mweka hazina atajisajili wa kwanza na kuwaweka 19 chini yake, siku hiyohiyo anapata asilimia 10 ya 75,000 mara 19, yaani sh. 142,500, kutoka kwenye fedha za kikundi. Aliyemwingiza yeye anapata 7,500 yake pamoja na asilimia 3 ya hao 19, ambayo ni 42,750. Si lazima awe na nia mbaya, lakini wanachama wana haki ya kujua kabla ya kunyoosha mikono.

Makole_Sheria
Kuhusu vyeti, hapa ndipo wengi wananasa.

Cheti cha BRELA kinathibitisha kwamba jina au kampuni imesajiliwa. Hakimpi mtu ruhusa ya kukusanya fedha za umma. Kwanza soma juu: ni cheti cha kampuni au cha jina la biashara? Jina la biashara mtu mmoja anaweza kulisajili, na halimaanishi kuna kampuni. Pili, chukua namba ya usajili uitafute kwenye mfumo wa BRELA wa mtandaoni. Picha ya cheti hubadilishwa maandishi kwa dakika chache tu. Tatu, angalia shughuli iliyosajiliwa. Ukikuta "ushauri wa masoko" au "uuzaji wa vifaa vya kompyuta", uwekezaji umetoka wapi?

Baada ya hapo uliza leseni. Anayepokea amana au kukopesha anahitaji leseni ya Benki Kuu. Anayekusanya fedha za watu kwa ahadi ya faida ya uwekezaji yuko chini ya CMSA, Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana. Zote mbili zina orodha za wenye leseni kwenye tovuti zao, na Benki Kuu ina tawi hapa Dodoma, unaweza kwenda kuuliza ana kwa ana.

Cheti cha Uingereza ni chepesi zaidi. Kule kampuni inafunguliwa mtandaoni kwa ada ndogo, na daftari lao la Companies House lipo wazi bure. Andika jina, angalia tarehe ya kufunguliwa, anwani na aina ya biashara. Wakikuletea karatasi ya Marekani yenye maneno MSB (biashara ya huduma za fedha) na FinCEN (kitengo cha Wizara ya Fedha ya Marekani kinachofuatilia uhalifu wa fedha), ni vilevile: huo ni usajili, na FinCEN wenyewe wanasema hauna maana kwamba wameithibitisha biashara hiyo.

Mpango ambao malipo ya wa mwanzo yanatoka kwa wanaoingia nyuma ni kosa la jinai Tanzania, Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 171A. Wenye umri wanaikumbuka DECI, mpango wa aina hiyohiyo uliofungwa 2009. Ile haikuwa hata na programu ya simu.

FundiSimu_Majengo
Mimi naongeza ya kwenye simu tu.

Mmeipakua wapi? Kama ni faili la APK (faili la kusakinisha programu) lililotumwa WhatsApp au Telegram, ingia kwenye mipangilio ya simu, fungua programu hiyo, angalia ruhusa. Programu ya kutazama video haina kazi na SMS zako wala orodha ya namba zako. Anayesoma SMS anaona namba za siri za mara moja zinazotumwa na benki.

Anwani ya tovuti yao iweke kwenye lookup.icann.org. Itaonyesha tarehe jina la tovuti liliposajiliwa. Kampuni inayosema iko kazini tangu 2014 huku tovuti yake ina miezi mitatu, hapo huhitaji kuendelea.

La muhimu kuliko yote ni jina linalotokea unapolipa. Kabla ya kuweka namba ya siri, simu inakuonyesha jina la mpokeaji. Ukiona jina la mtu wa kawaida, na wiki ijayo jina jingine, hizo ni laini za kukodi. Na msikubali kabisa mwanachama "kusaidia kupokea malipo" kwa kamisheni. Laini imesajiliwa kwa alama yake ya kidole, kwa hiyo polisi watamtafuta yeye. Piga *106# uone laini zote zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA.

BintiNkuhungu
Asanteni sana, hesabu ya kamisheni sikuwa nimeiona kabisa. Ila watanirudisha kwenye ile 18,000 ya jirani. Imeingia kweli, nimeona meseji.

Mhasibu_Kizota
Imeingia, usiikatae. Lakini aliweka 75,000, ametoa 18,000, kwa hiyo bado anawadai 57,000. Hajapata faida yoyote bado. Kutoa kidogo mwanzoni ndiyo gharama yao ya matangazo: jirani mmoja mwenye meseji ya kweli anawaletea wengine 20.

Muulize akitaka kutoa 75,000 kwa mkupuo inakuwaje. Dalili za kufunga hufuatana: kwanza siku ya kutoa inakuwa moja kwa wiki, kisha "maboresho ya mfumo", kisha ofa ya daraja jipya ya siku tatu ili wavune mara ya mwisho. Mwisho kabisa unaambiwa ulipe kodi ya asilimia fulani ndipo utolewe salio. Kodi ya zuio hukatwa na anayekulipa kutoka kwenye hayo malipo, haitumwi kwanza na anayedai. Na malipo ya serikali yana kumbukumbu namba ya malipo, hayaendi kwenye namba ya simu ya mtu.

Chamwino_Huru
Zipo kazi halali mtandaoni, tusiwatishe watu. Upwork na Fiverr, tovuti za kutafutia kazi za kujitegemea, zinakata kwenye ulichopata. Fiverr wanachukua asilimia 20. Upwork wana tokeni za kuombea kazi zinazouzwa, hivyo ile kanuni ya "ukiombwa fedha ni utapeli" haifanyi kazi kila mahali. Tofauti ni kwamba hakuna anayekuahidi mapato kwa sababu umelipia. YouTube kwa mapato ya matangazo wanataka wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12, na AdSense (mfumo wa Google unaolipa mapato hayo) hawalipi mpaka ufike dola 100. Ni pole pole na hakuna daraja la kununua.

Makole_Sheria
Ya mwisho, kama kuna mwanachama ameshatuma fedha zake: apige 100 kwa mtandao wake saa hiyohiyo, maana kabla mpokeaji hajatoa kuna nafasi ya kuzuia. Kisha kituo cha polisi achukue RB (namba ya taarifa yake polisi), akiwa na kumbukumbu namba za miamala, picha za skrini na mazungumzo yote (asijitoe kwenye kundi kabla ya kuyahifadhi). Namba iliyomtumia meseji ya utapeli aitume kwenda 15040. Akitokea mtu Telegram anayesema atamrudishia fedha kwa ada, huyo ni walewale.

Kwa Jumamosi, omba katiba ya kikundi isomwe. Kikoba kilichosajiliwa halmashauri kama kikundi cha huduma ndogo za fedha kina katiba, na humo imeandikwa fedha zitumike kwa nini na nani aidhinishe. Kama uwekezaji wa aina hii haumo, hoja inaishia hapo, hata kura haipigwi.