CD niliyotengeneza inasomeka kwenye laptop, ila SPARCstation 20 haibuti. Naomba ushauri

mlinzi_wa_ss20:
Habari zenu wakuu. Nina SPARCstation 20, kompyuta ya zamani ya kampuni ya Sun, ambayo naitunza ili kazi za zamani ziendelee kufunguka kwenye mashine ilikozaliwa. Nataka CD moja ya dharura: NetBSD (mfumo endeshi) pamoja na programu zangu. Nilichukua ISO (faili lenye nakala ya CD nzima) ya NetBSD/sparc, nikaifungua, nikaongeza folda zangu, kisha nikaifunga upya kwa genisoimage (programu ya kutengeneza ISO) nikitumia -b na -c kama tunavyofanya kwa PC.

Kwenye laptop kila faili lipo. Kwenye Sun, nikiandika `boot cdrom`, inaniambia:

`Bad magic number in disk label`

ISO ya NetBSD yenyewe, nikiichoma bila kuigusa, inabuti vizuri kwenye draivu hiyohiyo. Tatizo liko wapi?

sekta_sifuri:
Vizuri umetaja hilo la mwisho, maana draivu imeshatoka kwenye orodha ya washukiwa.

Mkuu, -b na -c ni za El Torito, utaratibu wa kubuti kutoka CD uliotolewa mwaka 1995 kwa ajili ya BIOS za PC. OpenBoot, programu inayowasha SPARCstation, haiujui. Inachotafuta ni lebo ya diski ya Sun ndani ya baiti 512 za kwanza kabisa. ISO 9660, mfumo wa faili wa CD, huacha wazi baiti 32,768 za mwanzo kwa shughuli za namna hiyo, na eneo hilo si faili: ukifungua ISO ukanakili yaliyomo, lenyewe linabaki nyuma. Laptop haiwezi kukuonyesha kasoro kwa sababu hailihitaji.

Fanya hivi. Kwenye Linux andika `fdisk -l netbsd.iso`, utaona patisheni (vigawanyo) za lebo ya Sun. Ya nne ndiyo d, nayo ndiyo ya sun4m, jamii ya mashine yako. Chukua sekta inapoanzia na idadi ya sekta zake, uikate kwa dd (amri ya kunakili data ghafi):

`dd if=netbsd.iso of=buti.sun4m skip=MWANZO count=IDADI`

Kisha funga upya:

`genisoimage -R -o mpya.iso -B ,,buti.sun4m folda/`

Usizipuuze koma mbili za mwanzo. Zinaruka nafasi za sun4 na sun4c (jamii nyingine za mashine za Sun) ili picha yako ya kubuti, yaani buti.sun4m, ikae kwenye d. Andika `devalias` (amri ya kuonyesha majina ya vifaa) kwenye Sun yako, utaona cdrom inaishia na `sd@6,0:d`. Picha ikikaa kwenye herufi nyingine, `boot cdrom` haitaikuta.

Kabla ya kuchoma, kagua:

`od -A d -t x1 -j 508 -N 2 mpya.iso`

Lazima utoke `da be`. Usipouona, usipoteze CD.

jampa_512:
Nakubaliana na mkuu hapo juu. Naongeza kwa ajili ya wengine watakaopita hapa na ISO nzima isiyobuti: mashine hizi zinataka draivu ya SCSI (aina ya muunganisho wa diski) inayotoa data kwa vipande vya baiti 512, wakati draivu nyingi za PC hutoa 2048. Baadhi za Plextor zina jampa (kipini kidogo cha kuunganisha) ya kubadilisha. Pia tumia CD-R, achana na CD-RW. CD-RW inaakisi mwanga kidogo mno, draivu nyingi za zamani haziioni kabisa.

indy_bado_hai:
Naomba kudandia uzi. Mimi nina SGI Indy, kompyuta nyingine ya zamani, na CD za IRIX, mfumo endeshi wake. Njia hiyo inanifaa?

sekta_sifuri:
Hapana ndugu. CD za IRIX za kusakinishia zinatumia mfumo wa faili wa EFS, si ISO 9660, na mwanzoni kuna volume header ya SGI (kichwa cha diski), yenye sash, programu ya kubuti, ndani yake. Usijaribu kuifungua na kuifunga upya. Nakili CD nzima kwa dd, sekta kwa sekta, uichome hivyohivyo. Alama ya kukagua ni baiti nne za kwanza: `0b e5 a9 41`.

mlinzi_wa_ss20:
Mrejesho: od imetoa `da be`, nimechoma kwa kasi ndogo, na SS20 imepakia keneli kutoka kwenye CD yangu. Folda zangu zote zinaonekana. Nashukuru sana wakuu. Je, nikitaka kuongeza programu nyingine baadaye, naanza upya na dd?

sekta_sifuri:
Hongera! Hapana, hifadhi buti.sun4m pamoja na folda zako. Ukibadilisha programu, unarudia genisoimage na od tu. Ukihamia toleo jingine la NetBSD ndipo ukate picha mpya.