Tupeane uzoefu: Kazi za sanaa ambazo marehemu hakuwahi kuzionyesha

Mwana wa Shangani, Mtwara

Ndugu zangu, baada ya arobaini ya baba mdogo tulifungua sanduku lake la bati, tukakuta kaunta buku zilizojaa michoro ya penseli: majahazi ya Mikindani, wapakuzi wa korosho, na nyuso za bibi zetu wenye ndonya mdomoni. Sisi tulimjua kama karani wa ghala tu. Vijana wa nyumbani wanataka kuzirusha mtandaoni, lakini mama mdogo amenyamaza. Mliopitia jambo hili, mlianzaje, na ruhusa ilitoka kwa nani?

Binti Newala

Pole kwa msiba, kaka. Kwetu aliyefariki alikuwa mjomba, mchongaji. Vinyago vyake vya mpingo havikuleta maneno, kwa kuwa vilichongwa viuzwe. Maneno yalizuka juu ya mapiko mawili, yaani barakoa za ngoma ya Wamakonde, yaliyoviringishwa ndani ya kanga na kuwekwa darini, kwa sababu lipiko ni jambo la jando, na zamani mwanamke au mtoto ambaye hajaingia jandoni hakutakiwa kujua ni nani anayecheza nyuma yake. Binamu yangu alikuwa ameshatoa simu apige picha. Wazee wakamzuia, wakamwita mzee mmoja aliyecheza ngoma pamoja na marehemu. Lile lenye nywele za mtu na chale za nta mashavuni alisema limeshachezwa uwanjani mbele ya kila mtu, basi lionyeshwe. La pili alilirudisha ndani ya kanga bila kueleza sababu, nami sikuuliza. Watoto wa marehemu walinung'unika, ila kwa desturi yetu ya ukoo wa kikeni neno lilikuwa la wapwa.

Msomaji wa Lindi

Mimi ninaona tofauti kidogo. Dada yangu alichora alipokuwa mgonjwa, na baadhi ya karatasi zinaonyesha mwili wake mwenyewe ulivyodhoofika. Wapo wanaosema kwamba marehemu hana tena siri; mimi sikubaliani nao, kwa sababu aliyeamua kuficha alikuwa hai alipoamua. Tulitenga zile karatasi, nyingine tukazitundika kwa vibanio vya nguo kwenye kamba sebuleni siku ya hitima, bila picha kupigwa. Jirani mmoja alijikuta amechorwa akiwa amelala kibarazani, mdomo wazi, akacheka sana, kisha akaomba ule mchoro usitoke nje ya nyumba. Kwa hiyo, ndugu wa Shangani, waulize pia waliochorwa, kama wapo hai.

Mzee wa Masasi

Nitasema la sheria kwa ufupi. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inailinda kazi maisha yote ya msanii na miaka 50 baada ya kifo chake, na haki hiyo huingia katika mirathi. Anayelala na daftari chini ya mto si lazima awe ndiye mwenye haki ya kuchapisha kilichomo. Msimamizi wa mirathi ahusishwe kabla hata picha moja haijarushwa.

Halafu msiyadharau madaftari hayo kwa kuwa si vinyago. George Lilanga, msanii mashuhuri, mzaliwa wa huku kwetu Masasi aliyefariki mwaka 2005, alichonga na kuchora vilevile. Penseli hufutika kurasa zikisuguana, kwa hiyo wekeni karatasi nyeupe kati ya kurasa, na sanduku lisikae sakafuni, maana unyevu wa pwani na mchwa havisubiri kikao cha ukoo.

Mwana wa Shangani, Mtwara

Nashukuruni sana. Nimezungumza na mama mdogo, naye ameridhia majahazi na ghala vionyeshwe kwanza kwa ndugu. Nyuso za bibi zitasubiri mpaka twende Tandahimba, kwa kuwa wawili kati yao amewatambua na jamaa zao wangali huko. Vijana wamenuna, lakini kaunta buku zote ziko chumbani kwake, na ufunguo anao yeye.